Unga wa lishe wa madukani Kigoma: kwa mtoto asiye na mama, maelekezo ya pakiti hayatoshi

Ukipita madukani Mwanga, Ujiji au soko la Kigoma mjini utaukuta unga wa lishe kwenye pakiti za nusu kilo na za kilo moja, mwingine umesagwa hapahapa mkoani, mwingine umeletwa kutoka mbali. Ndicho kitu cha kwanza ambacho bibi aliyeachiwa mjukuu huambiwa akanunue. Tathmini hii inauangalia unga huo kwa jicho la bibi huyo, au shangazi, au mama mdogo, mwenye mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2 ambaye mama yake amefariki. Hatutaji chapa, maana tunayoyasema yanahusu bidhaa hii kwa jumla na mlezi anaweza kuikagua pakiti yoyote aliyonayo mkononi.

Unga wenyewe mara nyingi ni mzuri. Tatizo kubwa ni maelekezo ya kupika yaliyoandikwa mgongoni mwa pakiti: yameandikwa kwa ajili ya mtoto anayenyonya, na mlezi wa yatima anayafuata neno kwa neno akiamini anafanya vema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 550 (kilokalori ni kipimo cha nishati ya chakula) kwa siku kutoka kwenye chakula, kwa kuwa zilizobaki anazipata kwenye ziwa la mama. Asiyenyonya anahitaji takriban 900. Kwa miezi 9 hadi 11 ni 300 dhidi ya 700, na kwa miezi 6 hadi 8 pengo kwa uwiano ni kubwa zaidi, 200 dhidi ya 600. Yaani kichanga wa miezi 7 aliyefiwa na mama anatakiwa apate kwenye bakuli mara tatu ya anachopata mwenzake wa jirani, na tumbo lake ni dogo vilevile.

Sasa chukua maelekezo ya kawaida: vijiko vitatu vya chakula vya unga kwa nusu lita ya maji. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu kina unga wa karibu gramu 10. Vijiko vitatu ni gramu 30, sawa na kilokalori 110 hadi 120. Zigawe kwenye nusu lita, na kila kikombe cha robo lita kinabaki na chini ya kilokalori 60. Ili mtoto wa mwaka mmoja na nusu afikishe 900 kwa uji huo peke yake, itabidi anywe karibu lita nne kwa siku. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja, kwa hiyo mwenye kilo 8 anaishia kwenye kikombe kimoja. Anashiba, analala, na hakondi ghafla. Anachopoteza ni urefu, na hilo halionekani mpaka apimwe.

Ndiyo maana tunasisitiza uzito wa uji kuliko aina ya unga. Pakiti ya bei nafuu iliyopikwa nzito inamfaa mtoto kuliko pakiti ya gharama iliyopikwa nyepesi.

Kipimo kinachofaa kwa mtoto asiyenyonya wa mwaka mmoja na kuendelea ni vijiko 8 vya chakula vilivyosawazishwa, yaani gramu 80, kwa nusu lita ya kimiminika, na nusu ya kimiminika hicho iwe maziwa. Koroga unga kwenye robo lita ya maji baridi hadi usiwe na mabonge, bandika, na ukianza kuchemka punguza moto uendelee kuiva dakika 15 hadi 20 huku ukikoroga. Maziwa yaliyochemshwa, robo lita, yaingie dakika tano za mwisho ili yasishike sufuria. Ukishaepua, weka vijiko viwili vya chai vya mawese na viwili vya sukari. Hesabu yake: unga karibu kilokalori 300, maziwa 160, mawese 80, sukari 35. Jumla ni zaidi ya 550 kwenye vikombe viwili. Milo miwili ya ugali au ndizi na maharage yenye dagaa, pamoja na embe au papai, inamfikisha kwenye 900 bila kumlazimisha.

Uji wa namna hii ni mzito, unaliwa kwa kijiko. Walezi wengi wataona ni mzito mno, wataongeza maji, na hapo ndipo kazi yote inaharibika. Dawa yake ni kimea. Loweka ulezi au mtama usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka utoe vichipukizi vifupi, anika hadi ukauke kabisa, sugua vichipukizi vidondoke, kisha saga. Ukiona ukungu wowote, tupa wote. Pika uji mzito, uache upoe mpaka uwe vuguvugu, koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kimea, subiri dakika chache. Uji utalainika na kuwa wa kunyweka ilhali unga uliomo ni uleule. Urudishe jikoni uchemke tena, kwa kuwa kimea kinachipuka kwenye unyevu na hubeba vijidudu. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kutia kimea kwenye uji unaotokota: joto huua kimeng'enya kinacholainisha wanga, uji unabaki mzito kama ulivyokuwa, na mlezi anahitimisha kuwa kimea hakifanyi kazi. Njia hii si ngeni nchini. Wataalamu wa lishe waliifundisha Tanzania tangu miaka ya 1980, na inasikitisha kwamba haiandikwi kwenye pakiti hata moja katika hizi za kawaida.

Kuhusu mawese, Kigoma imebarikiwa na haijitumii ipasavyo. Mafuta haya mekundu ni kati ya vyakula vyenye vitamini A nyingi kabisa vya mimea, na vijiko viwili vya chai kwa siku vinabeba sehemu kubwa ya mahitaji ya mtoto mdogo. Ila uwekundu ndio vitamini yenyewe. Wanaoyachemsha mpaka yakapauka ili kuondoa harufu wamebakiza mafuta tu. Nishati ipo, vitamini imekwenda. Kwa mtoto, yatiwe mabichi kwenye uji ulioepuliwa. Hata hivyo mawese hayachukui nafasi ya matone ya vitamini A yanayotolewa kila miezi sita kuanzia umri wa miezi 6, wala dawa ya minyoo inayoanza mwaka mmoja. Yatima hukosa matone hayo kwa sababu ndogo sana: kadi ya kliniki ilibaki kwa ndugu wa upande mwingine na mlezi mpya anaogopa kwenda bila kadi. Aende tu, kadi nyingine itafunguliwa.

Kwenye pakiti yenyewe, soma orodha ya viambato kabla ya kulipa. Kinachotangulia kuandikwa kwa kawaida ndicho kilicho kingi. Pakiti nyingi zinajisifu kwa nafaka sita au saba: mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi. Zote hizo zinafanya kazi moja, kutoa wanga, na kuzirundika pamoja hakumwongezei mtoto cha maana zaidi ya bei, isipokuwa ulezi wenye kalsiamu nyingi, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100. Tafuta soya na karanga ziko nafasi ya ngapi. Mchanganyiko unaojenga mwili unakuwa na sehemu 7 za nafaka kwa sehemu 3 za jamii ya kunde. Soya ikiwa ya mwisho kabisa baada ya mchele na ngano, umenunua unga wa uji wa kawaida kwa bei ya unga wa lishe.

Onja unga mkavu kidogo kwenye ncha ya ulimi. Ukikuta ladha ya maharage mabichi, soya haikuchemshwa wala kukaangwa vya kutosha, na soya mbichi ina kizuizi kinachomzuia mtoto kumeng'enya protini. Unga utamjaza gesi na kumharisha. Ukikuta uchungu unaobaki kooni, mafuta ya karanga na soya yameshachacha. Unga wenye karanga una mafuta mengi na haudumu: mwezi mmoja, miwili ukibahatika, hasa kwenye joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tarehe ya kuisha iliyowekwa mwaka mzima mbele kwa unga wa namna hii haina msingi. Ukiwa na pakiti isiyo na tarehe ya kusagwa, iache hapohapo kaunta.

Sumukuvu haionjeki. Inatokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, haitoki kwa kupika, na kwa mtoto inadhuru ini na inahusishwa na kudumaa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na hakuna mlezi anayeweza kukipima kwa macho. Hapo ndipo alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inapokuwa na thamani. Msindikaji mdogo ambaye hajaipata anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini muulize karanga anazinunua zikiwa na maganda au zimeshabanguliwa na nani anazichambua. Akijibu kwa undani, ana utaratibu. Akibabaika, nenda kwa mwingine.

Zipo pakiti zenye dagaa ndani. Wazo ni zuri, matokeo mara nyingi mabaya. Dagaa walioanikwa kwenye mchanga wa ufukweni wanaingia mashineni na mchanga wao; weka kijiko cha unga kwenye glasi ya maji, tikisa, uache utulie, utaona chembe zimetua chini. Dagaa wa kwenye kichanja ni bei zaidi na wanastahili. Lakini hata walio safi huharakisha unga kuchacha, na harufu inamfanya mtoto akatae uji mzima. Nunua unga usio na dagaa, na dagaa wake watengeneze mwenyewe: waoshe haraka, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Kijiko kimoja cha chakula kwa siku, kwenye maharage au mboga ya mtoto. Mifupa yake midogo ni kalsiamu, nyama yake ni protini, zinki na madini chuma, vitu ambavyo nafaka inavyo kidogo na tena inavifungia visifyonzwe vizuri. Kwa mtoto asiyepata maziwa kabisa, kopo hili ndilo litakalomwokoa kimo chake. Maziwa yakiwepo, lengo ni mililita 200 hadi 400 kwa siku akila na samaki, nyama au mayai. Bila hivyo, 300 hadi 500.

Je, mtoto yatima kweli yuko nyuma ya wengine? Hapa watu hukisia pande zote mbili. Tafiti nyingi za kaya barani Afrika zimeonyesha kuwa ukiwaweka yatima wote kapu moja, uzito na urefu wao mara nyingi hautofautiani sana na wa watoto wengine wa kaya maskini zilezile. Umaskini unawakuta wote. Mwaka 2022 karibu watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na wengi wao wana mama na baba. Tofauti inajitokeza ukiuliza alimpoteza nani na akiwa na umri gani. Utafiti wa Kagera uliowafuatilia watoto kuanzia 1991 hadi 2004 ulikuta kwamba waliofiwa na mama kabla ya kukua walibaki wafupi kwa wastani wa sentimita 2 utu uzimani na walikosa karibu mwaka mmoja wa shule. Baba akifariki mara nyingi kipato kinaanguka, na unga wa lishe unaweza kutoka kabisa kwenye orodha ya manunuzi. Mama akifariki kinachokosekana ni ziwa, pamoja na mtu anayekumbuka kwamba mtoto hajala tangu asubuhi. Hilo la pili halinunuliki kwa pakiti.

Tuseme wazi pia jambo la kugawana. Kilo moja kwa kipimo cha gramu 80 inatosha mtoto mmoja siku 12. Kwa mwezi ni kilo mbili na nusu. Nyumbani kwa bibi kuna wajukuu watano na sufuria moja, na hakuna bibi mwenye utu atakayempikia mmoja uji wa maziwa huku wanne wanatazama. Pakiti inaisha siku ya tatu. Hata mgao wa unga ulioboreshwa wenye maziwa, ule wa gramu 200 kwa siku unaotumika kwenye mipango ya lishe, umewekewa ndani yake nafasi ya kugawana. Kwa hiyo ndugu anayemsaidia bibi kwa pakiti moja kila mwisho wa mwezi asishangae mtoto haongezeki uzito. Fedha ileile ingefanya kazi zaidi kwa kusaga unga wa nyumba nzima.

Kilo 2 zinatengenezwa hivi: mahindi yasiyokobolewa kilo 1, ulezi gramu 400, soya gramu 300, karanga gramu 300. Chambua karanga moja moja na tupa zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi. Soya itumbukizwe kwenye maji yanayochemka dakika 20 hadi 30, isuguliwe maganda, ianikwe juu ya kichanja, ikaangwe kidogo ndipo isagwe na nafaka. Karanga zikaangwe, zitwangwe peke yake na zitiwe kwenye uji wakati wa kupika, kwa sababu zikipita mashineni zinaziba na zinaharakisha unga kuchacha. Mwombe mwenye mashine atoe kwanza mabaki ya unga uliotangulia. Matokeo ni takriban gramu 15 za protini na kilokalori 400 kwa kila gramu 100, sawa na pakiti nzuri au zaidi yake. Muhogo usiuingize: Kigoma tunaupenda na ni rahisi, lakini protini yake ni ndogo mno, gramu moja au mbili kwa mia, na utashusha kila ulichopandisha kwa soya.

Tunazungumzia miezi 6 na kuendelea. Pakiti yoyote inayosema miezi 4 imekosea. Kichanga wa chini ya miezi 6 asiye na mama hapewi unga wa aina yoyote, hata uwe mwepesi kama maji. Anahitaji maziwa ya kopo ya watoto wachanga, takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yachanganywe kwa maji yaliyochemshwa na kwa kipimo cha kwenye kopo bila kupunguza unga ili lidumu, na anyweshwe kwa kikombe, si chupa yenye chuchu isiyosafishika. Ni ghali, na hapa ndipo mlezi afike kwa afisa lishe na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mapema, kabla mtoto hajaanza kukonda. Ikiwa mama alikuwa na VVU, au haijulikani, mtoto apimwe; anayeishi na virusi anahitaji nishati zaidi hata akiwa mzima wa afya, angalau sehemu ya kumi juu ya mwenzake.

Na kuna mtoto ambaye unga huu haumfai kabisa kwa sasa. Zungusha utepe katikati ya mkono wa juu wa kushoto, mkono ukiwa umelegea. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na miguu ikivimba yote miwili ni hivyohivyo hata utepe ukisoma vizuri. Anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, ambako akiwa na hamu ya kula na bila maradhi mengine hutibiwa kwa chakula dawa cha pakiti za gramu 92, zenye kilokalori 500 kila moja. Kujaribu wiki mbili za uji kwanza ni kumpotezea muda asio nao. Kati ya 11.5 na 12.4 naye apelekwe, na uji mzito uendelee nyumbani.

Kwa wasindikaji wa Kigoma tuna ombi moja lisilogharimu zaidi ya wino. Chini ya maelekezo mliyonayo ongezeni mstari huu: "Mtoto asiyenyonya wa mwaka mmoja na kuendelea: vijiko 8 vya chakula vya unga kwa nusu lita, nusu yake iwe maziwa, vijiko 2 vya chai vya mawese baada ya kuepua, vikombe 2 kwa siku pamoja na milo mingine 2 au 3." Atakayeuandika kwanza, tutampendekeza kwa walezi bila kusita. Mpaka hapo, wenye duka wanaweza kuuandika kwa kalamu kwenye pakiti mteja anapowaambia kuwa mtoto ni wa marehemu binti yake.